Nani Amemchokoa Nani?

Haya ni maneno niliyowaambia wafasiri, wakalimani na walimu wa lugha tulipokutana Tanga mjini. Wengi waliokosa kufika wameomba kuyasoma. Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Walimu mlionifundisha na leo mmekaa mstari wa mbele, shikamooni mara ya pili. Kaka zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mnaoanza kazi ya ukalimani, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya misemo ya Kiingereza ya kumchokoza mtu na kumkera. Nadhani walioipanga waliiona mada nyepesi, ya kuchangamsha kikao baada ya chai. Kwangu si nyepesi hata kidogo, na nitaanza na siku niliyovunja kikao cha watu kwa neno moja.

Ni miaka zaidi ya 15 sasa. Kampuni moja ilikuwa na shauri la mpaka na kijiji kimoja cha mkoa wetu huu. Walimleta mtaalamu wao kutoka Uingereza, wakanichukua mimi nimkalimanie. Tulikaa chini ya mwembe, nje ya ofisi ya kijiji. Wazee kwenye mabenchi, kina mama kwenye mikeka upande wa kushoto, vijana wamesimama nyuma. Mtaalamu akatandaza ramani yake juu ya meza, akaweka mawe manne kwenye pembe isipeperuke. Halafu akasema kwa upole kabisa, na sauti yake ninayo mpaka leo: "I don't want to ruffle any feathers, but this map is wrong."

Mnaomjua ndege mnajua. Ndege ametulia, manyoya yamelala vizuri mwilini, ukiyapitishia mkono kinyumenyume anakasirika. Mwingereza akisema hataki kuvuruga manyoya ya mtu, anaomba radhi kabla ya kosa. Anasema: sitaki kumkera mtu hapa, nivumilieni.

Mimi nilikuwa kijana, na nilikuwa na haraka. Nikasema: "Anasema hataki kumnyonyoa mtu manyoya, lakini ramani hii imekosewa."

Kimya kilichofuata sijakisahau. Kisha mzee mmoja, kofia ya kiua kichwani, mkongojo katikati ya magoti, akaniangalia mimi, si mgeni. Akasema: "Mwanangu, kuku hanyonyolewi akiwa hai. Ukisikia mtu anataja kunyonyoa, jua kuku ameshachinjwa. Muulize mgeni wako, sisi ametuchinja lini?"

Kina mama wakainuka kwenye mikeka. Vijana wakaanza kupaza sauti. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu kutuliza, akashindwa. Mtaalamu akanigeukia akaniuliza, wamekasirikia nini? Na mimi, ndugu zangu, sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba wamenikasirikia mimi. Kikao kilivunjika. Ilichukua wiki tatu kukirudisha.

Nauliza: kosa lilikuwa wapi? Mtaweza kusema nilichagua kitenzi kibaya, kuvuruga si kunyonyoa. Ni kweli. Lakini hata ningesema "kuvuruga manyoya", wazee wale wangebaki wameitwa kuku. Nilibeba ndege kutoka Kiingereza nikamtua chini ya mwembe, na uzito wa maneno yenyewe, ule upole na ile radhi, nikauacha njiani. Nilitakiwa kusema, "Sitaki kumkwaza mtu." Maneno matatu ya Kiswahili cha kila siku. Basi.

Tangu siku ile nikaanza kuyakusanya maneno haya ya uchokozi, ya kwao na ya kwetu. Na kila nikutanapo na msemo mmoja nauliza swali lile lile: nani amemchokoa nani, na kwa kitu gani?

Naomba tulisikilize neno letu wenyewe kwanza. Chokoa. Chokonoa. Mchokoo. Chokoza. Mnasikia? Ni ukoo mmoja. Mtoto anachukua kijiti anachokoa shimo la kaa ufukweni. Huo ndio uchokozi ulivyozaliwa katika Kiswahili: kijiti, shimo, na mwenye shimo aliyetulia ndani. Na mchokoo ni ile fimbo yenye ncha ya kumsukumia ng'ombe. Wasomaji wa Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952, mnaikumbuka Matendo ya Mitume sura ya 26. Paulo anasimulia sauti iliyomwita njiani kwenda Dameski: Sauli, Sauli, mbona waniudhi? Ni vigumu kwako kuupiga teke mchokoo.

Sasa nenda kwenye Kiingereza. Fimbo hiyo hiyo wanaiita "goad", na neno hilo hilo ndilo kitenzi chao cha kumchokoza mtu mpaka afanye jambo asilolikusudia. Lugha mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja, kila moja imemwangalia ng'ombe na fimbo, kila moja ikafika mahali pamoja. Mimi jambo hili linanigusa sana. Linaniambia kwamba kazi yetu inawezekana.

Na angalieni neno "waniudhi" hapo. Leo mtoto akichelewa kurudi dukani tunasema ametuudhi. Lakini waliotafsiri hawakumaanisha kwamba Sauli alimchelewesha mtu! Sauli alikuwa akiwafunga watu na kuwatesa. Udhi ya zamani ilikuwa nzito, ilikuwa mateso, nasi tumeitumia hata imekuwa nyepesi. Waingereza yamewapata hayo hayo. Neno lao "annoy" zamani lilibeba madhara hasa, na mzizi wake wa Kilatini ni chuki. Leo ni la nzi anayezunguka kikombe cha chai. Kwa hiyo ukikuta neno hilo katika maandishi ya miaka 400 iliyopita, usikimbilie kuandika "kera". Uliza kwanza neno lilikuwa na uzito gani siku ile lilipoandikwa.

Nije kwenye neno ninalolipenda kuliko yote, na hapa watu wa Tanga mnisikilize kwa makini.

Kuna mtu anasimama kwenye mkutano wa hadhara, mgombea anahutubia, yeye anamkatiza: "Na maji uliyoahidi yako wapi?" Waingereza wanamwita "heckler". Nimeona tafsiri nyingi zinamwita mzomeaji. Wengine wanamwita mhuni. Je, ni sawa?

Neno hilo lilitoka kiwandani. Katika kazi ya kitani kulikuwa na chanuo la meno ya chuma yaliyosimamishwa kwenye ubao, na mfanyakazi alishika fungu la nyuzi akalipiga na kulivuta kwenye meno hayo. Nyuzi fupi na takataka zikabaki nyuma, ndefu zikatoka zimenyooka. Kuchana huko ndiko "heckle". Kisha huko Scotland neno likahamia kwenye siasa: mgombea alisimamishwa mbele ya wapiga kura, wakampitisha kwenye meno ya maswali mpaka yaliyo mafupi yaanguke. Na wachanaji wa kitani wa mji wa Dundee walisifika kwa msimamo wao mkali wa siasa.

Watu wa Tanga, kuna haja ya mimi kuwaeleza hayo? Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche kutoka Florida, na inaelezwa kwamba iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo yakatoka mashamba yote mnayoyajua, na mimi nimelelewa kwenye kambi ya shamba mojawapo. Baba yangu alifanya kazi brashi, pale panapochanwa nyuzi za mkonge, singa. Majani yamepita korona, ile mashine ya kuyakamua, singa zimeanikwa zimekauka, zinaletwa brashi. Alishika fungu kwa mikono miwili akalisogeza kwenye ngoma yenye meno inayozunguka, likachanwa upande huu, akaligeuza, likachanwa upande ule. Jioni alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, na mikononi, hapa juu ya kiganja, michoro midogo midogo kama ya paka. Mama alimwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Hakusema neno mpaka anawe. Nilikuwa nikiziangalia singa alizokuja nazo kwenye nguo, nikizivuta moja moja.

Basi niliposoma asili ya neno hilo la Kiingereza nilimwona baba. Nikaelewa kwamba aliyesimama mkutanoni akauliza maji yako wapi anafanya kazi ya brashi. Anachana. Mzomeaji anataka msemaji anyamaze. Huyu anataka msemaji ajibu. Ukimwita mhuni kwenye tafsiri yako umeshamhukumu kabla msomaji hajamsikia.

Tunalo neno lake? Vijana mnalo, nyinyi wenyewe! Si mnasema, "Nimemchana laivu"? Yaani nimemwambia ukweli mbele ya macho yake bila kupaka mafuta. Sijui kama mnatambua mlichokifanya. Mmetoka kwenye chanuo mkafika kwenye maneno makali bila kupitia Scotland. Siwaambii mliandike neno hilo kwenye hati ya mahakama. Nasema tu, lugha inayo nyumba ya neno hilo, na mfasiri anayelia kwamba Kiswahili ni maskini hajatembea mtaani.

Na mengine mengi yapo hivyo. "Tease" yao ilikuwa kuchambua sufu nyuzi kwa nyuzi kabla haijawa kumtania mtu. Sisi tunachambua pamba, na tunamchambua mtu. Wao wanamdunga mtu kwa sindano ya maneno, nasi tunampiga kijembe. Kijembe ni nini? Ni kile kiwembe kidogo cha mpiga chuku, kinachochanja ngozi damu itoke kidogo kidogo. Aliyebuni matumizi hayo aliijua hasira ndogo inavyofanya kazi. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwa Kiingereza kwamba mwenzake anamdunga sindano, wewe usiandike sindano. Mswahili atafikiri hospitali. Andika vijembe.

Sasa niwatoe kiwandani niwapeleke uwanjani, kwa sababu nusu ya misemo hii ina damu ya wanyama ndani yake na wengi hatujui.

Kusini mwa mto Thames, mahali paitwapo Southwark, wakazi wa London ya zamani walikuwa na viwanja vya kutazama dubu. Dubu alifungwa mnyororo kwenye nguzo katikati, mbwa wakaachiliwa. Watu wakalipa kiingilio. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa mpenzi wa mchezo huo. Januari 1583, siku ya Jumapili, jukwaa la uwanja wa Paris Garden liliporomoka na watazamaji wakafa, na wahubiri wakasema ni mkono wa Mungu. Mchezo haukukoma. Ulikuja kupigwa marufuku na bunge mwaka 1835, pamoja na ule wa fahali na ule wa mnyama mmoja wa jamii ya nyegere wetu, aliyekuwa akiwekwa ndani ya sanduku au shimo, mbwa wakaingizwa kumtoa.

Mchezo ulikufa, maneno hayakufa. Mwanasheria akimuuliza shahidi swali moja mara tisa, Kiingereza kinatumia jina la mnyama yule aliyetolewa shimoni: "badgering". Nimemsikia mkalimani mmoja akisema "anamfanya shahidi kama nyegere". Ndugu zangu! Nyegere kwetu ni mkali, haogopi simba. Shahidi amegeuzwa mshari. Yule mnyama wa Uingereza alikuwa kwake, amelala, hakumfuata mtu. Kiswahili kina neno ambalo limekaa hapo kama kofia kichwani: kusakama. Wakili anamsakama shahidi. Hapo kila mtu anajua nani anafanya na nani anafanyiwa.

Na kuna msemo unaotumika sana siku hizi kwenye habari za kimataifa, usimchokoe dubu. Nchi ndogo ikisema jambo, mchambuzi anaonya: msimchokoe dubu. Hebu tuutazame vizuri. Dubu wa msemo huu amesamehewa mapema. Akirarua, ni tabia yake, dubu ni dubu. Lawama yote imekwenda kwa mwenye kijiti. Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo. Tunasema usichokoze nyuki, na mzinga haujawahi kushtakiwa. Ni onyo la busara kwa mtoto. Lakini likitumika kati ya mkubwa na mdogo linafanya kazi nyingine, linamwondolea mkubwa hatia. Wewe mfasiri si kazi yako kubadili hukumu ya msemaji. Kazi yako ni kuijua ipo, ili usije ukaiongeza wala ukaipunguza. Je, msemaji alisema mdogo ana makosa, au alisema tu mkubwa ana hasira? Rudi usome tena.

Msemo wa Kiingereza wa kumwonyesha fahali kitambaa chekundu, yaani kumpandisha mtu hasira, nitaupita haraka. Sayansi imeshasema kwamba ng'ombe haoni rangi nyekundu kama sisi. Kinachompandisha mori ni kitambaa kinavyotikisika. Watu wa Pemba walilijua hilo bila maabara. Katika mchezo wa ng'ombe, ambao wengi wanaueleza kuwa uliachwa na Wareno, fahali anafungwa kamba ndefu, zumari linalia, kina mama wanaimba, na vijana wanamchezea kwa kitambaa. Hachinjwi. Anarudi zizini. Nilipokuwa nasimulia msemo huo wa Kiingereza kwa Mpemba mmoja alinikatiza: "Chekundu cha nini? Hata gunia." Basi mkitafsiri, mtikiseni kitambaa, rangi iacheni.

Na mbwa aliyelala? Mshairi Geoffrey Chaucer aliandika zaidi ya miaka 600 iliyopita kwamba si vyema kumwamsha mbwa wa kuwinda aliyelala, na Waingereza wanalisema hilo mpaka leo. Sisi tuna letu: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Yanafanana? Sikieni vizuri. La kwao linasema liache jambo lilivyo. La kwetu lina mwisho wa kutisha: utalala wewe. Nitalirudia hili kabla sijaketi.

Nimefika mahali ambapo mada hii inaacha kabisa kuwa ya kuchangamsha kikao.

Wapo hapa wakalimani wa mahakamani. Mwaka 2021 sheria yetu ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama Tanzania. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini mizigo ya karne nzima ya hukumu imeandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya mashahidi yatazidi kuvuka mto huo huku na huku. Sasa fungueni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 201 na cha 202. Ukiua kwa kukusudia, adhabu ni kunyongwa. Ukiua ukiwa umechemka kwa ghadhabu ya ghafla uliyosababishiwa, kabla hasira haijapoa, kosa linashuka, linakuwa kuua bila kukusudia. Na kifungu kinaeleza uchokozi huo ni nini: ni tendo baya au tusi linaloweza kumtoa mtu wa kawaida katika utawala wa nafsi yake. Mtu wa kawaida wa wapi? Wa jamii ile anayotoka mshtakiwa. Kenya wanavyo vifungu vyao, 207 na 208. Uingereza yenyewe, ambako sheria hii ilitoka, iliufuta utetezi huo wa zamani kwa sheria ya mwaka 2009 na kuweka mwingine wa mtu kupoteza kujizuia. Sisi bado tunao.

Mnaona ilivyo? Tusi linapimwa kwa masikio ya jamii yake. Na masikio hayo nani anayapeleka mbele ya hakimu asiyeijua jamii hiyo? Wewe.

Sijawahi kukalimani kesi ya mauaji na siombi. Lakini niliitwa kwenye shauri la nidhamu la wafanyakazi, kampuni ya wageni. Kijana alimpiga mwenzake kwa spana begani. Katika maelezo yake alikuwa amesema, "Alinichokoza tangu asubuhi." Aliyetafsiri kabla yangu akaandika neno la Kiingereza la utani, lile la kuchambua sufu. Meneja alikuwa ameshalisoma. Akaniambia, "Mtu anakutania, unampiga spana?"

Na kweli, kuchokoza kwetu kunabeba yote mawili. Mtoto analia, "Mama, Asha ananichokoza," na Asha amemvuta mkia wa shati tu. Mchumba anamchokoza mchumba wake na wote wanacheka. Kisha kuna uchokozi wa kuanzisha vita. Neno moja, mizani tofauti, na Mswahili anaijua tofauti kwa sauti na kwa uso. Karatasi haina uso.

Nikaomba ruhusa, nikamuuliza kijana: "Alikuchokoza vipi, mdogo wangu? Sema alichosema." Alikaa kimya muda mrefu, anaangalia viatu vyake vya kazini. Halafu akasema mwenzake alikuwa akimtajia mama yake. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi ule. Kila walipopishana kwenye mashine, neno moja juu ya marehemu. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane.

Nilipolipeleka neno hilo kwa Kiingereza nilitumia lile la mchokoo, lile la fimbo ya ng'ombe. Meneja aliweka kalamu chini. Kijana hakuachiwa bila adhabu, na hakustahili kuachiwa, maana bega la mtu lilivunjika. Lakini aliadhibiwa kwa alichokifanya, hakuadhibiwa kwa kupiga mtu aliyemtania.

Ndiyo maana nakereka, na nasema wazi nakereka, nikiona tafsiri za mashine zinazoandika kwamba mtu "anabonyeza vitufe vyangu" au "amechukua mbuzi wangu", pale Kiingereza kinaposema tu kwamba amenikera. Huyo mbuzi ni wa Marekani, wa mwanzoni mwa karne ya 20, na hadithi yake ya mbuzi wa kuwatuliza farasi wa mashindano haina uthibitisho, mwacheni alale. Lakini vitufe nivisemee kidogo. Kwenye msemo ule vitufe ni vyangu, viko mwilini mwangu, na anayevijua ni mtu wangu wa karibu. Mpita njia hawezi. Ni mke, ni mume, ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili kinasemaje? Ananitonesha. Anajua kidonda changu kilipo, na hapo ndipo anapoweka kidole. Tonesha! Ni lugha ngapi zina kitenzi kimoja tu cha kugonga kidonda kilichoanza kupona? Tunacho, halafu tunaandika vitufe.

Nimebakiza mwisho wa kisa changu cha mwembe.

Wiki tatu baadaye tulirudi. Nilikuwa nimekwenda siku moja kabla, peke yangu, kwa miguu kutoka barabara kuu, nikamtafuta yule mzee nyumbani kwake. Nilimkuta anasuka kamba barazani. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mgeni hakutaja kunyonyoa, nilitaja mimi, na nikamwambia alichosema hasa. Alisuka kama nusu pima hivi bila kujibu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mzungu wa watu aliomba radhi, na sisi tukamfukuza." Nikasema ndiyo, mzee. Akanisogezea kigoda.

Kesho yake kikao kilikaa, ramani ile ile, mawe manne yale yale. Mazungumzo yalikwenda mpaka wakafika kwenye makaburi ya wazee wao, yaliyokuwa ndani ya mpaka unaobishaniwa. Mtaalamu akasema yanaweza kuhamishwa. Yule mzee akaushika mkongojo wake, akaniambia: "Mwambie, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe."

Mgeni akanigeukia, anasubiri. Watu wote wananiangalia. Lugha yake ilikuwa na mbwa aliyelala, tayari mdomoni mwangu. Sikumtoa. Nilimgeukia mzee nikamuuliza mbele ya wote: "Baba, nikipeleke kama onyo au kama kitisho?"

Akafikiri. Akasema, "Onyo. Ningetaka kumtisha, ningenyamaza."

Nikampelekea mgeni yote mawili, na onyo na sentensi ile ya pili. Akaliondoa jiwe moja kwenye pembe ya ramani, akaikunja ule upande wenye makaburi, akaomba waendelee na upande uliobaki.